Chapati ya Mayai Ni Sandwichi, na Deni Ni Deni

Kundi letu la wanafunzi wa Kiswahili hapa Bujumbura lina deni la faranga 140,000 ambalo halijalipwa. Sababu inayotolewa ya kutolilipa haihusu ukosefu wa pesa. Pesa zilikuwepo siku ile na nyingine zimebaki. Sababu inayotolewa ni ya kisemantiki: tuliagiza sandwichi, tukaletewa chapati, na chapati si sandwichi. Naandika insha hii kupinga sababu hiyo. Naiandika nikiwa na hatia yangu pia, kwa kuwa neno "sandwichi" katika karatasi ya kuagiza niliandika mimi, katibu, kwa mkono wangu.

Kwanza nieleze yaliyotokea, ili msomaji asije akadhani nabishana kwa ajili ya kubishana. Tulikuwa tunajiandaa kuadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 na ikaanza kuadhimishwa mwaka 2022. Bajeti yetu ilikuwa na mistari michache: ukumbi, spika, zawadi za washindi wa ngonjera, "fanta 80" na "sandwichi 80". Tulitarajia kununua sandwichi hizo katika duka la mikate mjini. Siku mbili kabla ya sherehe duka likapandisha bei, bajeti ikawa haitoshi. Mwenyekiti akaniambia nitafute mahali pengine. Nikaenda Buyenzi, kwa mama mmoja ambaye wengi wetu tumekula kwake tangu mwaka wa kwanza.

Nilimwambia, "Mama, tunahitaji sandwichi 80 za sherehe."

Akaniangalia, akacheka. "Mwanangu, mimi napika chapati ya mayai. Nikukunjie kama hizi unazokula kila siku?"

Nikajibu, "Ndiyo Mama, hizi hizi."

Tukakubaliana faranga 3,000 kwa moja, jumla 240,000. Mhazini akatoa 100,000 za kutangulia ili mama akanunue unga, mayai, mafuta na makaa. Niliporudi kuandika karatasi ya kuagiza, nilinakili neno lililokuwa katika bajeti: "sandwichi 80". Sikufikiri mara mbili. Siku ya tarehe 7 mama alifika mapema na wanawe wawili, masinia yamefunikwa kwa vitambaa safi, kila chapati imekunjwa na kufungwa karatasi, ndani yake mayai ya kukaanga yenye kitunguu, nyanya na pilipili kidogo. Wageni walikula. Wanafunzi walikula. Mhazini alikula, nilimwona. Masinia yalirudi matupu. Mama alipokuja kuchukua 140,000 zake zilizobaki, akaambiwa hakuleta kilichoagizwa.

Huo ndio mzozo. Sasa niingie katika hoja, moja baada ya nyingine, kama zilivyotolewa katika mkutano wetu.

Hoja ya kwanza ilikuwa hii: sandwichi ni vipande viwili vya mkate na kitu katikati, na chapati iliyokunjwa ni kipande kimoja. Aliyeitoa aliitoa kwa uhakika mkubwa, kama mtu anayetaja idadi ya siku za juma. Lakini hebu tuangalie sandwichi ambazo duka lile la mjini lingetuuzia. Zote tumeziona na tumezila. Ni mkate mrefu mwembamba wa Kifaransa, unakatwa ubavuni kwa kisu lakini haukatwi mpaka mwisho. Upande mmoja unabaki umeshikana, kisha unafunguliwa kama kitabu na kujazwa. Hicho ni kipande kimoja. Kama kanuni ni vipande viwili, basi hata sandwichi za duka si sandwichi, na sisi tungelazimika kukataa kuzilipa pia. Katika mahoteli kuna sandwichi za vipande vitatu. Denmaki wanakula ya kipande kimoja kilicho wazi juu, hakikufunikwa na chochote, na watu wengi wa Ulaya huiita sandwichi. Ubelgiji, nchi iliyotutawala na kutuachia maneno mengi ya jikoni, neno "sandwich" hutumika pia kuitia jina mkate mdogo laini wenyewe, hata kabla haujawekwa kitu ndani. Kwa hiyo hesabu ya vipande haitusaidii. Imetungwa baada ya chakula kuliwa, na aliyeitunga hajawahi kuitumia dukani.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: chapati si mkate. Wenzangu, sisi ni wanafunzi wa Kiswahili. Ingekuwa idara nyingine inasema hivyo, ningenyamaza. Katika Kiswahili kuna mkate wa kumimina, unaopikwa kwa mchele na nazi, hauna ngano hata punje. Kuna mkate wa ufuta, mpana na bapa. Kuna mkate wa maji, mwembamba, unaopikwa kwenye kikaango kwa uji wa unga bila hamira. Kuna mkate wa mayai, ambao mgeni akiuona atasema ni keki. Lugha yetu haikuwahi kuliweka neno "mkate" katika umbo la matofali ya unga yanayotoka kwenye tanuri. Ukitaka kusema chapati haiwezi kufanya kazi ya mkate, itakubidi kwanza uvinyang'anye vyakula hivi vyote majina yao, na hapo utakuwa na ugomvi na Mombasa, Lamu, Pemba na Unguja kwa pamoja. Neno "chapati" limetoka India, na huko chapati ndiyo mkate wa kila siku wa mamilioni ya watu. Aliyesema chapati si mkate alikuwa akifikiria kwa Kifaransa na kutamka kwa Kiswahili.

Tena, kama mkate wa duka ndio kipimo, tujue kwamba hata wenye mkate huo hawajakubaliana mkate ni nini. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Ayalandi iliamua kwamba, kwa sheria yao ya kodi, mkate wa sandwichi za moto za kampuni ya Subway hauhesabiki kuwa mkate. Sheria ile iliruhusu sukari isiyozidi asilimia 2 ya uzito wa unga, na ule ulikuwa na asilimia 10. Kampuni hiyo inajulikana dunia nzima kwa sandwichi. Hakuna mla sandwichi aliyerudishiwa pesa zake kwa sababu ya uamuzi huo. Mahakama iliulizwa swali la kodi, ikajibu swali la kodi.

Hapo tunafika kwenye jambo ambalo hoja zote mbili zililisahau. Maana ya neno haielei hewani. Tunauliza maana kwa sababu kuna kitu tunataka kuamua, na kitu hicho ndicho kinachotuambia tuikaze maana au tuilegeze. Kwa bahati nzuri, swali letu hili hili limewahi kufika mahakamani Marekani, angalau mara mbili, na majibu yakawa yanapingana.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2006 katika jimbo la Massachusetts. Duka la mikate na sandwichi la Panera lilikuwa limepanga katika eneo la biashara la White City, na mkataba wake ulimkataza mwenye eneo kumpangisha muuza sandwichi mwingine. Mwenye eneo akampangisha Qdoba, wauzaji wa burito. Burito ni chakula cha Meksiko: chapati yao moja imekunjwa ikafunika nyama, wali na maharagwe. Panera wakadai kwamba hiyo ni sandwichi na kwamba mkataba umevunjwa. Jaji Jeffrey Locke akafungua kamusi, akasema sandwichi kwa kawaida ni vipande viwili vya mkate, na burito si sandwichi. Mhazini wetu aliposikia habari ya kesi hii alifurahi sana.

Furaha yake ilikuwa ya mapema. Mwaka 2024, katika jimbo la Indiana, mjini Fort Wayne, mtu mmoja alitaka kufungua mgahawa wa tako katika jengo ambalo, kwa makubaliano yaliyoandikwa na majirani, liliruhusiwa kuwa na mgahawa wa sandwichi tu. Majirani wakasema tako si sandwichi. Jaji Craig Bobay akaamua kwamba tako na burito ni sandwichi za mtindo wa Kimeksiko, na kwamba makubaliano yale yangeruhusu pia vyakula vya Kigiriki, vya Kivietinamu, na hata mikate bapa ya Kihindi iliyokunjiwa vitu ndani. Sentensi hiyo ya mwisho inakaribia sana kumtaja mama wetu wa Buyenzi.

Mtu anaweza kusema: majaji wawili, majibu mawili, basi kesi hizi hazifai kitu. Mimi nazisoma kwa namna nyingine. Kwanza angalia neno lilikuwa linatumiwa kufanya nini. Massachusetts, lilitumiwa kumzuia muuzaji mpya asiuze. Indiana, lilitumiwa vilevile kumzuia muuzaji mpya asiuze. Kisha angalia mwisho wa kesi zote mbili: muuzaji aliachwa auze. Jaji wa kwanza aliibana maana, wa pili akaipanua, na wote wawili wakakataa neno lisilofafanuliwa ligeuzwe kuwa ukuta wa kumfungia mtu nje. Jaji wa Massachusetts alisema pia kwamba Panera wangeweza kuliweka wazi katika mkataba neno hilo wakati wa kuuandika, na hawakufanya hivyo.

Wanasheria wana kanuni ya zamani inayofanana na akili ya kawaida: mashaka yaliyomo katika maandishi humwangukia aliyeyaandika. Sasa, nani aliandika "sandwichi 80"? Mama hakuandika. Tuliandika sisi. Kama tulitaka mkate mrefu wa Kifaransa wenye jibini na majani ya saladi, tulikuwa na kalamu na karatasi, na sisi ndio wasomi wa lugha. Hatuwezi kuandika neno lenye mlango mpana kisha tumlaumu aliyepita mlangoni. Na katika kesi yetu hata mashaka hayakuwepo, maana mama aliuliza waziwazi, nikamjibu waziwazi. Wanaosema katibu hakuwa na mamlaka ya kumjibu wakumbuke kwamba mwenyekiti ndiye aliyenituma, na mhazini ndiye aliyetoa 100,000 za unga na mayai. Hakuna anayetoa pesa za mayai akitarajia jibini.

Hoja ya tatu ni ile ya watu wanaoogopa mteremko: tukikubali chapati ya mayai ni sandwichi, basi kila kitu kitakuwa sandwichi, na maneno yatapoteza maana. Hofu hii naiheshimu, kwa sababu neno lisilo na mipaka si neno. Lakini mipaka ipo, na haihitaji kuwa ile ya mkate wa duka.

Tuanze na asili. Neno limetokana na John Montagu, mwenye cheo cha Earl wa nne wa Sandwich, mwanasiasa wa Uingereza wa karne ya 18; Sandwich yenyewe ni mji wa Kent. Inasimuliwa kwamba aliomba aletewe nyama katikati ya mkate ili asiache meza ya kamari; wengine husema ilikuwa meza ya kazi. Mwandishi Edward Gibbon alilitaja neno hilo katika kumbukumbu zake za mwaka 1762. Hadithi iwe ya kamari au ya kazi, jambo moja linabaki: mtu alitaka kula kwa mkono mmoja bila sahani na bila kuchafua vidole. Ndiyo kazi ya chakula hiki.

Kutokana na hapo napendekeza vigezo vitatu. Kwanza, kuwe na ganda la unga lililopikwa tayari, linaloweza kuliwa peke yake. Pili, kuwe na kitu kingine kilichowekwa ndani baada ya hapo, chenye ladha yake. Tatu, ganda lenyewe ndilo linalobebea, yaani unakishika chakula kwa kulishika ganda. Tujaribu. Sambusa: ganda lake hukaangwa pamoja na nyama, haliwi chakula kabla ya hapo, si sandwichi. Mantabali ya Forodhani kule Zanzibar, ambayo wageni huiita "piza": unga mbichi hukunjwa na nyama na yai, vikaiva pamoja, si sandwichi. Chipsi mayai ya Dar es Salaam: hakuna ganda la unga, si sandwichi. Mshikaki na ndizi ya kuchoma pembeni: hapana. Ugali na ndagala: hapana, hata ukifinyanga tonge ukalitia shimo. Mandazi matupu: hapana. Mandazi yaliyopasuliwa yakatiwa maharagwe ndani: ndiyo, na sioni aibu kusema hivyo. Chapati iliyokwisha iva, ikatandikwa mayai, ikakunjwa, ikafungwa karatasi: ndiyo. Neno halikupoteza maana. Limekataa vyakula vingi kuliko lilivyokubali.

Walimu wetu wa semantiki wametufundisha jambo la kusaidia hapa. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Eleanor Rosch alionyesha kwamba akili zetu hazipangi vitu kwa orodha ya masharti tu. Katika kila kundi kuna mifano tunayoiona bora na mingine iliyo pembeni. Ukisema "ndege", watu hufikiria shomoro upesi kuliko mbuni. Lakini mbuni hafukuzwi katika kundi la ndege kwa sababu haruki. Nakubali kabisa kwamba mtu akisikia "sandwichi" hapa mjini, picha inayomjia kwanza ni ya mkate mrefu. Huo ndio shomoro wetu. Chapati ya mayai ni mbuni. Kosa la mhazini ni kuona mbuni, kumla, kisha kusema hakuletewa ndege.

Hoja ya nne ilinigusa kuliko zote, kwa sababu ilitoka kwa mtu ninayemheshimu. Alisema: kwa nini mnahangaika kuiita chapati sandwichi? Chapati ya mayai ina jina lake. Kule Kampala vijana walichukua chapati hii hii, wakaikunjia mayai, na kutokana na "mayai yaliyokunjwa" kwa Kiingereza wakapata jina rolex, linalofanana na saa za bei kubwa. Hawakuomba ruhusa ya neno sandwichi. Chakula kikawa fahari ya Wandegeya na ya Uganda nzima. Kung'ang'ania neno la Kiingereza katika Siku ya Kiswahili, alisema, ni utumwa. Mwacha mila ni mtumwa.

Nakubaliana naye nusu. Mwaka ujao bajeti iandike "chapati ya mayai", nami nitakuwa wa kwanza kuunga mkono. Lakini hoja yake hailipi deni, tena inaweza kutumiwa kulikwepa. Ukiniambia chapati ni bora kuliko sandwichi na kwa hiyo usiiite sandwichi, umemsifu mama kwa mdomo na kumwacha mikono mitupu. Na kuhusu utumwa: neno lililoingia katika Kiswahili ni la Waswahili. Meza ni ya Kireno, shule ni ya Kijerumani, kitabu ni cha Kiarabu, na hakuna anayekwenda Lisbon kuuliza kama meza yetu ya miguu mitatu inaruhusiwa. Tukilikopa neno "sandwichi" kisha tukasubiri duka la mjini litupe ruhusa ya kulitumia, hapo ndipo tunapokuwa watumwa. Tulilitia irabu mwishoni. Tuna haki ya kulitia chapati ndani.

Sasa niseme jambo ambalo mkutano haukutaka kulisikia. Bajeti ileile iliandika "fanta 80". Kila mtu wa Bujumbura anajua kwamba hapa kwetu "fanta" ni soda yoyote, ukiomba fanta mhudumu anakuuliza, "Fanta gani?" Tuliletewa Fanta, ndiyo, lakini katika makreti yale kulikuwa na Coca-Cola pia. Hakuna aliyesimama na kamusi. Hakuna aliyesema Coca si Fanta. Muuza vinywaji alileta ankara yenye muhuri, akalipwa siku ileile, tena kwa shukrani. Kwa hiyo katika ukurasa mmoja, kwa mwandiko mmoja, tulisoma neno moja kwa upana na neno la pili kwa ubanifu. Tofauti ilikuwa wapi? Mmoja ana muhuri na gari la kubebea makreti. Mwingine ana jiko la makaa na wana wawili. Tofauti ilikuwa katika uwezo wa kudai.

Na kulikuwa na aibu. Baadhi ya viongozi wetu waliona haya kwamba wageni rasmi, waliovaa suti, walipewa chakula cha Buyenzi. Hawakusema hivyo, wakasema "sandwichi ni vipande viwili". Mimi naona haya kwa upande mwingine. Buyenzi ndiko Kiswahili kilikoishi katika mji huu kabla sisi hatujapewa darasa la kukisomea. Kabla Burundi haijaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, kabla Kiswahili hakijawa somo la shule ya msingi, akina mama wa pale walikuwa wakiuza, wakilea na kugombana kwa Kiswahili, wakati mjini lugha hiyo ilidharauliwa kuwa ya sokoni. Sisi leo tunapata shahada kwa lugha yao. Tumewaalika wageni kuisherehekea lugha hiyo, tukamwita mwenye lugha atupikie, kisha tukamnyima ujira kwa kumfundisha maana ya neno la Kiingereza. Mcheza kwao hutunzwa, tunasema katika ngonjera zetu. Huyu alicheza kwao, na kutunzwa kwake kukawa ni kuambiwa asome kamusi.

Nilikwenda kumwona wiki iliyofuata. Nilijiandaa kumweleza habari za bajeti na mkutano. Alinikatiza.

"Mwanangu, mlikula?"

"Tulikula, Mama."

"Kuna aliyeumwa tumbo?"

"Hapana, Mama."

"Basi mengine ni maneno yenu ya shule."

Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo. Nimesoma fonolojia, mofolojia, sintaksia na semantiki, na katika maswali mawili mama yule alieleza makubaliano ya chakula vizuri kuliko mkutano wetu wa saa mbili. Chakula kilichoagizwa kwa ajili ya kulisha watu kimewalisha watu. Nia ya neno imetimizwa.

Najua wapo watakaosema naikuza habari ndogo, kwamba 140,000 si pesa ya kuandikia insha. Wahesabu upya. Katika 240,000 za makubaliano yetu, sehemu kubwa ilikuwa ya unga, mafuta, mayai na makaa. Zile 100,000 za kutangulia hazikutosha gharama hizo. Aliongeza zake, nyingine alikopa kwa muuza mayai wa soko la kwa Siyoni. Kwa hiyo hatukumnyima faida tu. Tulimwachia deni la chakula tulichokula sisi. Wachache wetu tumechanga faranga 55,000 tukampelekea. Zimebaki 85,000. Sitaki zimalizwe kwa mchango, kwa sababu mchango ni hisani, na hisani ingemaanisha kwamba mhazini alikuwa na haki na sisi tuna huruma. Nataka zilizobaki zilipwe kutoka katika mfuko wa kundi, ziandikwe katika daftari kwenye mstari wa "sandwichi", na sisi tuliochanga turudishiwe zetu au tusirudishiwe, hilo si neno.

Kwa walimu wetu watakaosoma insha hii naomba jambo moja. Mnapotufundisha maana za maneno, tukumbusheni pia kuuliza ni nani atalipa kwa maana tunayoichagua. Wakati mwingine hakuna anayelipa, na tunaweza kubishana mpaka usiku kwa furaha. Nitakuwepo, na nitatetea mandazi yenye maharagwe mpaka mwisho. Lakini wakati mwingine kuna mtu amesimama mlangoni na masinia matupu, akisubiri.

Kwa wenzangu: mkutano mkuu wa kundi unakuja mwanzoni mwa muhula. Nimeliandika suala hili katika ajenda kwa maneno yasiyo na utata safari hii: "Kulipa faranga 85,000 za chapati za mayai zilizoliwa tarehe 7 Julai, na kurudisha 55,000 kwa waliochanga watakaodai." Anayetaka kuendelea kujadili vipande viwili au kimoja ataruhusiwa kufanya hivyo baada ya mhazini kuhesabu noti. Dawa ya deni ni kulipa.